Mke wa Askari na Nyumba ya Muleba

Kazi ya askari ni kazi ya kuhama. Mwaka huu yuko kando ya ziwa, mwaka ujao yuko mpakani, na wa tatu yuko pwani. Amri ikifika hufunga mzigo wake akaenda, wala haulizwi kama mtoto wake ana homa au kama mazao yake yamekomaa shambani. Kuhama kwake huandikwa, maana jeshi lina makarani. Kuhama kwa mkewe aghalabu hakuandikwi popote, ingawa yeye ndiye afungaye vyombo, aombaye nafasi ya watoto katika shule mpya, na alipaye madeni dukani kabla ya kuondoka ili jina la mumewe lisibaki na waa. Habari zifuatazo ni za mmoja wa wake hao, mwalimu wa shule ya msingi katika mji wa Bukoba, ambaye mwaka 2016 alijenga nyumba huko Muleba, na mwanzoni mwa mwaka uliofuata akaihamisha jamaa yake kwenda Ruvuma, mumewe akiwa mbali.

Mume alikuwa Congo. Tangu mwaka 2013 Tanzania, pamoja na Afrika Kusini na Malawi, ilikuwa imepeleka askari katika kikosi cha Umoja wa Mataifa cha kupambana na waasi mashariki ya nchi hiyo. Zamu yake ilifika mwezi wa Mei. Aliacha nyuma mke, watoto watatu, vyumba viwili vya kupanga mjini Bukoba, na nia ambayo wote wawili walikuwa nayo kwa muda mrefu. Katika miaka kumi na miwili alikuwa amehamishwa mara tatu, na mtoto wao wa kwanza alikuwa amesoma katika shule tatu. Walitaka mahali pamoja duniani ambapo hapana amri iwezayo kupahamisha.

Asiyeijua Buhaya huenda akadhani kuwa nyumba ni kuta na paa. Mhaya akitaja nyumbani huwaza kwanza kibanja: migomba iliyoizunguka nyumba, mibuni chini ya kivuli chake, na maharage katikati ya mashina. Nje ya vibanja iko rweya, nchi ya majani matupu ambayo udongo wake ni dhaifu. Udongo mzuri wa kibanja haukushuka na mvua. Ulitengenezwa na watu, kizazi baada ya kizazi, kwa samadi ya ng'ombe na kwa majani yaliyokatwa rweya, yakabebwa vichwani na kutandazwa chini ya migomba. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ya kubeba na kutandaza ilikuwa ya wanawake. Hata hivyo, kwa desturi ya zamani kibanja kilikuwa mali ya ukoo, na urithi wake ulifuata wanaume. Mwanamke alipata kipande cha rweya, kiitwacho omusiri, akapanda njugu mawe na mazao mengine ya muda, kisha kipande kile kikaachwa kirudie majani. Basi palikuwa na ardhi ya kudumu na ardhi ya muda, na kila mtu alijua ipi ni ya nani.

Mahali pa kujenga palikuwa katika kibanja cha marehemu baba wa mumewe, upande wa kaskazini wa wilaya ya Muleba, si mbali na Muhutwe. Mavyaa alikuwa akiishi hapo katika nyumba ya zamani. Shemeji, mtoto wa baba mdogo wa mumewe, alikuwa na kibanja jirani, na mpaka baina yao ulikuwa mstari wa miramula, mimea ile ambayo wazee huipanda ili iamue ugomvi wa mipaka wao watakapokuwa hawapo.

Kazi ilianza mwezi wa Juni, mvua zilipokatika, kwa kuwa matofali hufyatuliwa na kuchomwa wakati wa kiangazi. Siku tano za juma mwalimu alisimama mbele ya ubao. Jumamosi alfajiri alipanda gari Bukoba, akapita Kemondo, akashuka Muhutwe, akaenda kwa miguu hadi kiwanjani. Mwanzoni fundi alimsalimu kwa heshima, lakini maneno ya kazi aliyaweka akiba, akisema kuwa atazungumza na baba mwenye nyumba atakaporudi. Mwalimu hakukasirika. Alimwomba amwonyeshe timazi na pima maji. Alijifunza kwa nini matofali hulowanishwa kabla ya kupangwa, na kwa nini pembe za nyumba hutangulia kupanda na ukuta wa katikati hufuata. Mtu aliyezoea kusahihisha daftari za watoto arobaini hashindwi kuona kozi ya matofali iliyokwenda upande.

Baada ya majuma matatu aliona kuwa mifuko ya saruji iliyotumika haikulingana na kazi iliyofanyika. Mifuko mitatu haikuwa na maelezo. Angeweza kupiga kelele, na pengine angepoteza fundi katikati ya kiangazi. Alikwenda dukani akanunua daftari kubwa lenye jalada gumu. Tangu siku hiyo kila kilichoingia kiwanjani kiliandikwa: matofali, mchanga, kokoto, misumari, ujira wa vibarua, hata chai ya waliobeba mawe ya msingi. Kila Jumamosi fundi alitia sahihi chini ya ukurasa. Saruji haikupotea tena, na fundi akaanza kumwita kwa jina la kazi yake. "Mwalimu," alisema siku moja, "tukimaliza linta tutapumua."

Kabla ya kupumua, ikaja habari ya uhamisho. Mwezi wa Agosti mume alipata kusikika kwa simu, sauti yake ikikatika kama ya mtu azungumzaye ndani ya upepo. Alisema kuwa atakaporudi kutoka Congo hatarejea Kagera. Ataripoti katika kikosi kilichoko Ruvuma. Vyumba vya Bukoba vilikuwa vimelipiwa hadi Desemba, na ilikuwa bora watoto waanze mwaka wa shule huko huko waendako. Aliyasema hayo kwa upole, kama mtu aombaye radhi kwa kosa lisilo lake, na kabla mkewe hajajibu mstari ukakatika.

Mwalimu aligeuza daftari, akaanza upande wa pili. Mbele yalikuwa mambo ya kujenga, nyuma yakawa mambo ya kuhama. Aliandika: barua ya kuomba uhamisho wa kumfuata mume, barua za uhamisho wa watoto, kadi za kliniki za mtoto mdogo, lori la mizigo, madeni. Barua yake mwenyewe ilizunguka mezani kwa watu majuma mengi, na mara mbili aliambiwa ailete upya kwa kuwa ya kwanza haikuonekana. Malipo ya kusafirisha mizigo yalikuwa bado hayajatoka. Basi alitenga fedha za lori katika bahasha, akaiweka chini ya nguo sandukuni, akaapa kutoigusa.

Wakati huo shemeji alikuja kumwona kiwanjani. Alikuwa mtu mwenye adabu, naye alikaa juu ya rundo la matofali akazungumza habari za bei ya kahawa kabla ya kufika alikokusudia.

"Shemeji, waitu," alisema, "nyumba hungoja mwenyewe. Ndugu yetu akirudi atajenga."

"Kweli, shemeji," alijibu, "lakini mvua haimngoji."

"Na nyumba hii mnaijenga kisha mnakwenda Ruvuma. Nani atakaa? Ardhi hii ni ya ukoo."

Hakumjibu swali hilo, kwa sababu lilikuwa swali la haki, na jawabu lake hakuwa nalo. Nyumba iliyojengwa kwa mshahara wa mke na mume ilikuwa ikisimama juu ya ardhi ambayo jina la mke halikutajwa. Mume akifa Congo, jambo ambalo mke wa askari hulifikiri kila usiku na hulisema mara chache, je, atakuwa mwenye nyumba au mgeni aliyekawia?

Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016 hakwenda Muleba, kwa kuwa mtoto mdogo alikuwa na homa. Alasiri, baada ya saa tisa, ardhi ilitetemeka. Tetemeko hilo lilikuwa la kipimo cha 5.9. Katika mkoa wa Kagera liliua watu wasiopungua 17, likajeruhi mamia, na likabomoa maelfu ya nyumba. Shule za Ihungo na Nyakato ziliharibika hata zikafungwa. Mwalimu alitoka mbio na watoto wake, akasimama barabarani pamoja na majirani, akaona vumbi likipanda juu ya paa za mji. Usiku ule wengi walilala nje, na watoto waliuliza kama ardhi itatulia.

Kesho yake aliwaacha kwa jirani akaenda Muhutwe. Msingi ulikuwa mzima. Kuta zilikuwa zimesimama, lakini pembe mbili zilikuwa zimeachana tangu juu hadi usawa wa dirisha, na ukuta wa chumba cha wageni ulikuwa na ufa uliopanda kama ngazi kwa kufuata maungio ya matofali. Fundi aliutia mkono ndani mpaka kwenye kifundo. Shemeji alisema ufa huo ni mdogo, utazibwa kwa lipu. Fundi alinyamaza kwanza, kisha alisema kweli. Lipu itauficha ufa, wala haitaufunga. Ukuta wa matofali hubeba uzito wa paa vizuri ukikaa kimya, lakini ukitikiswa kila upande huenda njia yake, na pembe ndizo huachana kwanza. Dawa ni kubomoa sehemu zilizoachana, kuzijenga upya, kisha kumimina mkanda wa zege wenye nondo juu ya milango na madirisha, uizunguke nyumba yote bila kukatika, kama kamba ifungayo mzigo wa kuni.

Mkanda haukuwamo katika hesabu. Walikuwa wamekusudia linta fupi fupi juu ya kila mlango na dirisha, kama walivyofanya wengi. Mwalimu alipiga hesabu ya nondo, kokoto na saruji, akaona kuwa fedha zilizokosekana zilikuwa karibu sawa na zile zilizomo katika bahasha ya lori.

Siku tisa hakumwambia mumewe. Mtu aliye vitani hapelekewi ufa wa ukuta, alijiambia. Siku ya kumi alimwambia yote. Mume alinyamaza kidogo, kisha alisema, "Mama watoto, fanya uonavyo."

Maneno haya husemwa sana na waume walio mbali, na yanastahili kupimwa. Ndani yake imo imani, kwa kuwa mtu hampi ruhusa kama hiyo asiyemwamini. Umo pia mzigo. Mambo yakienda vizuri, watu watasema kwamba mume na mkewe walikubaliana. Yakienda vibaya, watasema kwamba mke alifanya alivyoona. Anayebaki nyumbani hupewa mamlaka yote siku za hatari, na siku za salama huulizwa nani alimruhusu. Mwalimu aliyajua hayo. Hata hivyo hakuomba maneno mengine, maana kutoka Congo hayo ndiyo yaliyoweza kutumwa.

Jioni ile mavyaa alimwita ndani ya nyumba yake ya zamani. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye maneno machache. Mumewe naye alikuwa askari. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalipoingia na kuishika nchi iliyo kaskazini ya mto Kagera, na daraja la Kyaka likavunjwa, watu wengi walikimbilia kusini, wengine wakiwa na godoro kichwani na mtoto mgongoni. Yeye alikuwa Muleba tayari, na mtoto wa mwaka mmoja. Mumewe alikwenda mbele na wenziwe. Kampala ilitwaliwa tarehe 11 Aprili 1979, watu wakashangilia, lakini yeye hakurudi. Hapo Kaboya, katika wilaya ile ile ya Muleba, wamelazwa mashujaa wa vita hivyo, na mavyaa alikuwa akienda huko kila mwaka kusimama kwa muda mfupi.

"Mwanangu," alisema, "unajua kwa nini sikufukuzwa hapa?"

"Kwa kuwa ulikuwa mke wa baba, Mama."

"Hapana. Kwa kuwa nilikuwa na mtoto wa kiume. Walimtazama mtoto, wakaniacha. Angekufa kwa surua, ningeondoka na sufuria zangu. Miaka yote nimebeba majani kutoka rweya mpaka shingo ikapinda, nami nilikaa kwa tikiti ya mtoto mchanga."

Maneno ya mama huyu hayakuwa malalamiko ya bure. Sheria za mila za urithi zilizotangazwa na serikali mwaka 1963 zilisema kuwa mjane hana fungu katika urithi ikiwa marehemu ameacha jamaa wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Nchi ilikwenda mbele hatua kwa hatua. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilikataza nyumba ya ndoa kuuzwa au kuwekwa rehani na mmoja bila ridhaa ya mwenziwe. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ilikubali kuwa kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya wawili. Na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, katika kesi iliyoanzia mahakama ya mwanzo ya Kashasha, aliamua kuwa mwanamke wa Kihaya aliyerithi shamba kwa babake anaweza kuliuza kama mwanamume awezavyo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 nayo ilitamka kuwa mila imnyimayo mwanamke haki ya ardhi ni batili. Lakini sheria iliyoko Mwanza au Dar es Salaam haijui njia ya kibanjani mpaka mtu aishike mkono na kuileta.

Mavyaa aliamua kuileta. Aliwaita wazee wa ukoo, na shemeji akiwamo, akawataka waende wote ofisi ya kijiji wakaandike mpaka wa kiwanja na majina ya wenye nyumba, mume na mke pamoja. Wazee walisitasita. Mmoja aliuliza kwa nini asingojewe mwenye mji. Mwalimu hakubishana nao. Alitoa daftari, akalifungua mbele yao, akasoma. Alisoma mawe ya msingi, matofali, safari, ujira, siku na tarehe, na chini ya kila ukurasa sahihi ya fundi. Kusoma kulichukua muda mrefu, wala hapana aliyemkatiza. Alipofika ukurasa wa ufa, shemeji aliinamisha kichwa, akasema, "Basi, shemeji. Hesabu hii hata mimi singeiweza." Muhtasari uliandikwa. Wa kwanza kutia alama ya kidole alikuwa mavyaa.

Baada ya hapo bahasha ya lori ilifunguliwa. Nondo zilinunuliwa, kuta mbovu zikabomolewa, na mkanda ukamiminwa kwa siku moja, tangu asubuhi hadi taa zilipowashwa, maana fundi alisema kuwa mkanda wenye kiungo katikati ni kamba yenye fundo bovu. Mvua za vuli zilikuwa zimekwisha anza. Zege likafunikwa kwa majani ya migomba. Mwezi wa Novemba, watoto walipokuwa wakikimbiza senene usiku chini ya taa za mji, kenchi zilipandishwa, na kabla ya Krismasi bati la mwisho lilipigwa msumari. Milango miwili tu ilikuwa imetiwa. Madirisha yalizibwa kwa mbao. Ilitosha, kwa kuwa ukuta wenye paa huweza kungoja.

Kwa kuwa fedha za lori hazikuwako, vyombo vya Bukoba viliuzwa: kabati, makochi, meza, vitanda viwili. Ilimuuma kuuza kabati, kwa sababu lilikuwa kitu cha kwanza walichonunua baada ya harusi. Lakini aliona kuwa mali yote ya nyumba ya kupanga hutengenezwa ipate kubebwa, na kwamba safari hii alikuwa amebadilisha vitu vya kubebwa kwa kitu kisichobebeka. Kibali chake cha uhamisho kilitoka siku nne kabla ya Mwaka Mpya. Mapema Januari 2017 alipanda basi na watoto watatu, mabegi manne, na daftari ndani ya mkoba wake.

Barabara iendayo kusini hupita Muhutwe. Basi lilifika hapo jua lilipokuwa likitoka. Mtoto wa kwanza, aliyekuwa dirishani, aliona bati mpya likimetameta katikati ya migomba, akapiga kelele, na wadogo zake wakamkanyaga miguu ili waone. Moshi ulikuwa ukipanda nyuma ya nyumba. Mavyaa alikuwa amehamia usiku wa jana na kuwasha moto, ili nyumba isilale baridi.

Kuna watu wasemao kuwa mke wa askari hungoja. Neno hilo halimtoshi. Angojaye hukaa mlangoni akitazama njia; huyu alipima ukuta, akabomoa, akajenga, akauza, akafunga, akasafiri. Jamaa nyingi za watu wenye kazi za mbali, askari, mabaharia na wachimba madini, zimesimama juu ya kazi kama hiyo, na ni haki kazi hiyo ihesabiwe wakati mwenye kuifanya yu hai, badala ya kungojea mpaka mahakama iulizwe.

Mume alirudi salama mwaka 2017. Alipopata likizo walikwenda Muleba pamoja. Usiku wa kwanza, watoto walipolala, aliomba apewe daftari. Alilisoma mbele na nyuma, kwa taa, pasipo kusema neno. Alipofika ukurasa wa mwisho aliomba kalamu, akatia sahihi yake chini ya sahihi ya fundi, akaandika tarehe.